Magoli Arobaini na Moja ya Njiti

Njiti amekufa, na wanaume hawakungoja hata azikwe. Nilifika kilioni mchana, kwenye ukumbi mdogo wa kanisa ulio nyuma ya magorofa ya Berea, hapa Durban, nimebeba sufuria ya sombe, majani ya muhogo, na kabla sijaitua nikasikia kwenye korido sauti ninayoijua vizuri mno. "Mimi sikatai, alikuwa mtu mzuri. Ninachosema ni kwamba magoli yale yalikuwa ya dawa." Huyo ni Désiré, Mrundi, ambaye siku hizi tunamwita Baba Kelvin. Maneno hayo ameyasema kwa zaidi ya miaka ishirini, harusini, kwenye ubatizo, kwenye foleni za makaratasi, popote alipomkuta Mkongo asiye na haraka. Pasta wetu, kijana ambaye mwaka ule wa magoli alikuwa hajaanza hata shule, alikuwa anaandaa wasifu wa marehemu wa kusomwa kesho makaburini, na alitaka kujua kitu kimoja tu: aseme kwamba ndugu Bahati, aliyejulikana kama Njiti, ndiye mwenye rekodi ya magoli katika ligi yetu ya Jumapili, au aliruke jambo hilo? Wakongo walisema ni lazima litajwe. Warundi walisema likitajwa wao watarudi kwenye magari yao. Na mjane, Furaha, alikuwa amekaa kwenye godoro ukutani, miguu ameinyoosha, kitenge kichwani, na kila neno la korido lilikuwa linamfikia. Ndipo mtu akasema, "Muulizeni Espérance. Mwaka ule aliishi naye."

Niliishi naye, ndiyo, ila mnielewe vizuri, maana pasta alishaanza kuniangalia kwa jicho lingine. Niliishi naye kwa namna ya Durban. Ilikuwa flati ya vyumba viwili huku huku Berea, na ndani yake tulikuwa kaya nne, zimetenganishwa kwa mapazia. Nilikotoka na nilivyofika si habari ya leo. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nina godoro, begi moja, na pazia la kitenge chenye picha za tausi. Upande wa pili wa tausi alilala Njiti. Katika maisha ya namna hiyo unamjua mtu kwa masikio. Nilijua akiota, nilijua akisali, nilijua soksi zake zimelowa kwa namna alivyozitupa. Tulikula pamoja kwa sababu sufuria kubwa ilikuwa moja tu: bugali wa unga wa mahindi wa huku, mweupe kama chaki, na ndakala, dagaa wa kwetu ziwani, waliokaangwa mpaka jirani wa chini, bibi mmoja Mhindi mpole, anagonga dari yake kwa ufagio. Mpaka leo nikisikia harufu ya ndakala huwa nasubiri ufagio ugonge.

Njiti alikuwa mlinzi wa magari kule ufukweni. Unavaa koti la njano, unaonyesha watu pa kuegesha, unasubiri wakumbuke kukupa chochote. Jina lenyewe linakueleza alivyokuwa: mrefu, mwembamba, kichwa kidogo cheusi juu, njiti ya kiberiti kabisa. Jumapili baada ya ibada alivua koti akavaa jezi, na hapo alikuwa mtu mwingine. Ligi yetu haikuwa na jina kubwa. Wakongo, Warundi, Watanzania na wengine waliopatikana, uwanja wa manispaa wenye mteremko kidogo, na mwenyekiti wake alikuwa Mzee Salum, fundi viatu kutoka Tanga, aliyechaguliwa kwa sababu ndiye pekee ambaye kila upande ulikuwa na kiatu kinachoshonwa kwake. Lakini usicheke. Wiki nzima watu wale waliitwa majina barabarani, walisimamishwa, walirudishwa kesho na kesho kutwa. Jumapili mtu aliitwa mfungaji. Rekodi ya magoli ya msimu mmoja ilikuwa ya Désiré, thelathini na nane, na Désiré, aliyebeba maboksi kwenye ghala moja la Mobeni, aliitembeza rekodi ile kama mtu anavyotembea na suti mpya.

Mimi nilisuka nywele kwenye saluni ya Mama Nadège, mama wa Kibukavu mwenye sauti ya kuamsha mtaa, karibu na robot, taa za barabarani, pale ambapo teksi zinashusha abiria kabla ya mlima. Saluni ilikuwa na vioo vinne na viti vitatu, na chini ya mafurushi ya nywele za bandia kulikuwa na mkebe wa biskuti usio na biskuti. Kila mwanamke aliyekaa kwenye viti vile alijua kilichomo. Vidonge vya kunenepa, wenyewe tukiviita vya mwili. Unavimeza, njaa inakujia kama mgeni mwenye begi, unakula, na baada ya muda una mashavu na, Mungu akipenda, una nyuma. Wake za watu walivificha ndani ya pedi, ndani ya soksi za watoto, ndani ya Biblia. Maana mume anataka mwili ulioletwa na matunzo yake, si mwili ulionunuliwa kwa Mama Nadège. Mimi mwenyewe nilijaribu wiki moja, nikapata chunusi na hasira, nikaacha. Tulivyojua wakati ule ilikuwa pipi tu yenye adabu mbaya. Baadaye niliona wanawake walioumia nayo.

Sasa, Njiti alikuwa anaposa. Msichana yuko Uvira, anaitwa Furaha, na mambo yote yalipitia simu ya kibanda na picha. Aliwatumia wazazi wa msichana picha akiwa ufukweni ameegemea gari la mtu, kama walivyofanya walinzi wote wa magari, na nakumbuka Jumapili moja asubuhi, tukijiandaa kwenda kanisani, sauti yake ikapita katikati ya tausi.

"Dada Espe, uko macho?"

"Niko."

"Mama yake Furaha ameona foto. Anasema mi niko mgonjwa."

"Mgonjwa wa nini?"

Papo hapo nikajua nimeuliza ujinga. Miaka ile kukonda kulikuwa tangazo. Mtu akipungua kilo mbili, wanamtoa kwenye kikombe cha pamoja. Njiti alikuwa mwembamba tangu tumboni mwa mama yake, lakini utamwelezaje mama wa Uvira aliyesikia tu kwamba Durban inarudisha vijana ndani ya masanduku?

"Mi siko mgonjwa," akasema. "Vraiment, kweli kabisa, nilienda kupima, siko mgonjwa. Lakini bataamini karatasi ao bataamini macho? Banaomba foto ingine."

Nilimwambia ale. Hayo ndiyo niliyomwambia, ale. Siku kadhaa baadaye, asubuhi, nikasikia nyuma ya tausi mlio mdogo wa karatasi ya fedha inayopasuliwa kwa kidole gumba, halafu maji. Mlio ule niliusikia saluni kutwa nzima, sikuhitaji kuona. Baadaye Mama Nadège aliniambia kwamba Njiti alinunua akidai ni vya dada yake. Njiti hakuwa na dada.

Hapa ndipo mambo yanaponichanganya, na yamenichanganya mpaka leo, kwa hiyo msitegemee niyanyooshe. Alianza kula. Alikula bugali wake, akala wangu, akakwangua ukoko. Hakulala vizuri, nilimsikia akigeuka geuka. Uso ukajaa, mashavu yakawa kama ya mtoto aliyenyonya vizuri, shingo ikanona, na miguu ikabaki ile ile ya njiti. Akapiga picha nyingine, mbele ya gari jekundu la mtalii, shati limembana, anacheka. Na alikuwa anafunga. Lakini alikuwa akifunga tangu mwanzo wa msimu, kabla ya kidonge hata kimoja! Ni kweli baada ya hapo alifunga zaidi. Ni kweli pia kwamba beki mkali wa Watanzania alikuwa ameshahamia Cape Town, na mvua zilikuwa zimegeuza uwanja kuwa tope, na kwenye tope mwepesi ndiye anayekimbia. Au labda ni furaha tu, maana picha ya pili ilikuwa njiani. Goli la thelathini na tisa aliwafunga Warundi wenyewe, Désiré akiwa uwanjani anaangalia. Alimaliza na arobaini na moja, na Wakongo walimbeba kutoka uwanjani mpaka kwenye robot, magari yakipiga honi.

Karatasi ya vidonge ilidondoka siku hiyo hiyo, kutoka kwenye begi lake, pale watu walipomnyanyua. Désiré aliiokota. Désiré hakuwa mtu mbaya, na naomba hilo likumbukwe. Alikuwa mtu aliyenyang'anywa kitu chake pekee. Alikwenda nayo Mobeni, kwenye gym walikobeba vyuma wenzake wa ghalani, na wale wenye vifua walisoma maandishi wakamwambia: hii ni steroid. Kwisha. Kila mtu alikuwa ameshasikia neno hilo kwenye televisheni, wakimbiaji wakubwa wakivuliwa medali, wachezaji wa ng'ambo ambao rekodi zao mashabiki wanazigombania mpaka leo.

Kikao kilifanyika Jumatatu, saluni kwetu, kwa sababu Jumatatu wateja ni wachache na viti vipo. Wateja waliokuwepo hawakuondolewa. Nani atamwondoa mwanamke mwenye nusu kichwa? Mimi nilikuwa namsuka Claudine, mke wa Désiré, wakati ule bado bibi arusi mwenye kiuno cha nyigu juu na ngoma chini, ambaye mumewe alimsifu hadharani kwamba amenawiri mikononi mwake. Mzee Salum akasimama katikati ya sakafu yenye nywele. Désiré akaitoa karatasi ile mfukoni, akaiinua juu wote waione.

Na wote tukaiona. Ndani ya vioo vinne niliona nyuso za wanawake zikiitambua mara moja, na macho yakakutana kioo hadi kioo, Mama Nadège, mteja wa kiti cha dirishani, mimi, Claudine. Bega la Claudine likawa gumu chini ya mikono yangu.

"Njiti, mwanangu," akasema Mzee Salum, "vidonge hivi ni vyako?"

"Ni vyangu."

"Vya nini?"

Njiti aliangalia sakafu. "Ni vya kwangu tu, mzee."

"Jibu!" Désiré akapaza sauti. "Sema mbele ya watu! Vinakupa nguvu ama havikupi?"

"Sina cha kusema, kaka."

"Mnaona? Mnaona!"

Wakongo wakaruka, Warundi wakaruka, mmoja akasema kule ng'ambo wangempima mkojo, mwingine akauliza nani ataulipia mkojo, mwingine akasema rekodi ya Désiré nayo ichunguzwe kwa sababu alikuwa anakunywa maziwa ya ghalani. Eish, wanaume! Walibishana mpaka nikamaliza kichwa kizima. Nilikuwa nangoja mwanamke mmoja, mmoja tu, aseme: hivyo ni vyetu. Nilikuwa naweza kusema mimi, sikuwa na mume wa kumficha. Lakini nilipofungua mdomo, Njiti aliniangalia kupitia kioo akatikisa kichwa kidogo, nikaufunga. Mwisho Mzee Salum akatoa hukumu ambayo ni fundi viatu tu angeweza kuitoa, ya kushona pande mbili zisizolingana: magoli yahesabiwe, lakini yasitajwe. Yaani yapo, ila hayasemwi. Sijawahi kuielewa hukumu ile, na nadhani ndiyo sababu ilidumu.

Jioni tulikula maharage. Halafu nikamuuliza kwa nini hakujitetea.

"Dada Espe, niseme nini? Mbele ya ba papa bale bote, niseme mi nakunywa dawa ya matako?" Alicheka, lakini si kwa furaha. "Acha baniite mwizi wa magoli. Mwizi ni mwanaume. Na Furaha akisikia ile foto nilijivimbisha? Mama yake atasema huyu ni muongo, arudishe maneno yake. Kesho habari iko Uvira. Tafadhali. Wewe ulisikia kupitia pazia, ibakize kwa pazia."

Nikamwahidi. Alivitupa vidonge vilivyobaki, akaugua sana, wiki nzima nikimpikia uji. Mwuguzi mmoja aliyekuja kusuka nilimuuliza kwa mzunguko, kama habari ya jirani, na akaniambia ndiyo, ni steroid, lakini si ile. Ile ipi? Ile ya misuli. Hii si ya misuli, hii inaweza hata kuila misuli. Kwa hiyo haisaidii? Mwanzoni mtu anaweza kujisikia ana nguvu, akasema. Kwa hiyo inasaidia? Inaharibu, akasema. Nikamwuliza sasa imemsaidia au imemharibu, akaniambia dada, usiguse sikio langu na hayo maji ya moto, unaniunguza. Hapo ndipo utafiti wangu ulipoishia. Msimu uliofuata Njiti alifunga magoli machache, mazito, kama mtu anayepanda ngazi na gunia. Désiré akasema, mmeona, bila dawa si kitu. Lakini Furaha alikuwa amefika, Njiti alikuwa na mdomo wa pili wa kulisha, analinda magari mchana na kupakua bandarini jioni. Nani angefunga?

Ndiyo haya niliyokuwa nayo kichwani kwenye korido ya kanisa, watu wote wamenigeukia, pasta ameinua kalamu. Kwenye meza ndogo, kati ya mishumaa, walikuwa wameweka picha ya marehemu, na ni ile ile, ya gari jekundu na mashavu. Watu wakipita walisema, hapo alikuwa na afya. Nilimwangalia Furaha kwenye godoro. Nikaona uzito wa ahadi na uzito wa jina la Njiti lililochafuka, na sikujua upi ni mzito zaidi, kweli sikujua. Nikasema, "Mimi sijui." Désiré akapiga makofi mara moja. "Basi. Aliruke, pasta."

Ndipo Mama Kelvin alipotoka jikoni. Ni yule yule Claudine, sasa mama mzima, bibi wa wajukuu wawili, ana mwiko wa bugali mkononi na jasho usoni. Alisimama mbele ya mumewe.

"Baba Kelvin. Vile vidonge uliokota uwanjani."

"Vimefanya nini?"

"Mimi pia nilikuwa navimeza."

Désiré alimwangalia kama mtu aliyeshushwa kwenye kituo kisicho chake. "Wewe? Ulikuwa unaumwa?"

"Nilikuwa nanenepa. Ulivyokuwa unasema nimenawiri kwa mikono yako, nilinawiri kwa Mama Nadège. Njiti alimeza vya miezi michache, juu ya foto ya wakwe, saluni wote tulikisia. Mimi nilimeza miaka mitatu." Aliuinua mwiko. "Sasa niambie, mimi nilifunga magoli mangapi?"

Jikoni mwanamke mmoja akacheka, akajaribu kuumeza ule mcheko, ukamshinda, na wote wakaanza, na pasta hakujua aangalie wapi. Mimi sikucheka, nilikuwa naogopa kumwangalia Furaha. Lakini Furaha naye alikuwa ameinua kichwa, anaitazama picha mezani.

"Ile ya mashavu?" akasema polepole. "Juu yangu? Maman aliiona akasema sasa huyu amevimba, ni figo, usiende. Tuligombana. Mi nilikuja juu ya ile ya kwanza, ile yenye alikuwa mwembamba." Akajifuta macho kwa pembe ya kitenge. "Ningejua, ningemwambia."

Désiré alikaa kwenye kiti cha plastiki. Kisha akauliza, si kwa ubishi, aliuliza kama mtoto: "Lakini zile dawa zilimsaidia ama hazikumsaidia?" Akaniangalia mimi, akamwangalia mkewe, akaiangalia picha. Hakuna aliyejua. Sasa tulikuwa tumejua kila kitu na hilo bado hatukulijua. Mwishowe akamwambia pasta, "Andika arobaini na moja. Na chini yake andika wa pili ni Désiré, thelathini na nane. Usinisahau."

Kesho yake, makaburini, pasta alisoma yote. Kwa mara ya kwanza tangu kikao cha saluni idadi ile ilitajwa hadharani na hakuna aliyeguna. Warundi walikuwepo wote, kofia mikononi. Upepo ulikuwa unapeperusha karatasi, pasta akairudia sentensi ili isikike vizuri, magoli arobaini na moja katika msimu mmoja. Furaha alikuwa ameniegemea. Kwa miaka yote ya ndoa yao alikuwa amesikia neno dawa, na Njiti mwenyewe nyumbani hakuligusa jambo lile hata kidogo. Akanivuta mkono, akaninong'oneza, "Dada Espe, arobaini na moja, kwani ni mengi?"

"Ni mengi, mdogo wangu," nikamwambia. "Ni mengi sana."